Mkwaju wa Mkwajuni Uko Wapi?

Msafiri aliyeshuka botini kutoka Unguja pale bandarini Dar es Salaam, akiwa na safari ya Kinondoni au Temeke kwa jamaa zake, zamani kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta daladala. Kazi hiyo ilikuwa na adha zake, lakini haikuhitaji kisomo. Kila njia ilipewa rangi zake, zikapakwa mkanda ubavuni mwa gari, na mtu aliyeujua mkanda wa njia yake aliuona toka mbali akaanza kujikusanyia mizigo. Siku hizi msafiri huyo hupanda basi la mwendokasi. Basi ni kubwa, lina njia yake peke yake, na likipatikana humfikisha mapema. Juu ya hayo hatuna ugomvi na mtu.

Siku moja tulipanda basi hilo tukiwa pamoja na bibi mmoja wa Wete, aliyekuwa akimfuata binti yake anayekaa Kinondoni. Bibi huyu si mtu asiyejua kusoma. Msahafu aliuhitimu angali mtoto, na barua za marehemu mumewe alizisoma mwenyewe, kwani ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi ndizo zisizomwambia kitu. Binti alikuwa amemwagiza ashuke Mkwajuni. Basi akakaa dirishani kwa utulivu kabisa, akatazama nje, akingojea mkwaju.

Mkwaju hakuuona. Sisi tuliosimama nyuma katika msongamano tulimgundua tulipofika Morocco, mwisho wa njia, abiria wote wameshuka naye angali ameketi. Tukarudi naye. Njiani alituuliza, wala hakuuliza kwa hasira: "Wanangu, mkwaju wenyewe waliukata lini?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulivitazama vituo tulivyovipita, na kwa hakika tungekuwa sisi hatujui kuzisoma herufi zile, tusingeweza kutofautisha kimoja na kingine. Chuma ni kile kile, saruji ni ile ile, na paa ni lile lile.

Dar es Salaam haina reli ya chini ya ardhi. Kazi ambayo reli hizo huifanya katika miji mikubwa ya dunia, yaani kuwatoa watu wengi pembezoni asubuhi na kuwarudisha jioni, pale imekabidhiwa mwendokasi. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, ilianza kubeba abiria mwezi wa Mei 2016. Inatoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, ikiwa na tawi la kwenda Morocco kwa Barabara ya Kawawa na jingine la kwenda Gerezani. Ina vituo 27, ukiacha vile vikuu vitano. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa sababu ya mradi huo. Awamu ya pili inafuata Barabara ya Kilwa kupita Temeke hadi Mbagala, na ilianza kutoa huduma mwaka 2025. Ya tatu imekusudiwa Gongo la Mboto, na ya nne itafuata Barabara ya Bagamoyo kupita Mwenge hadi Tegeta. Kwa maneno mengine, kazi ya kujenga vituo haijaisha, na ndiyo maana tunaona yafaa tuseme sasa.

Miji mingine ilikwisha kukutana na swali la bibi wa Wete. Mji wa Mexico ulipofungua njia yake ya kwanza ya reli ya chini mwaka 1969, ulikuwa na abiria wengi wasiojua kusoma na wengine waliokuja mjini juzi tu kutoka mashamba. Mchoraji wa Kimarekani aitwaye Lance Wyman, aliyekuwa ametoka kuchora alama za michezo ya Olimpiki ya 1968 ya mji huo huo, alishiriki kubuni mpango ambao kila kituo kilipewa picha yake. Kituo cha Chapultepec, ambacho jina lake kwa lugha ya wenyeji wa kale lina maana ya kilima cha panzi, kikawekewa picha ya panzi. Mtu huambiwa: shuka penye panzi. Picha hizo zingalipo, na wanaojua kusoma wanazitumia sawasawa na wasiojua.

Sasa na tuyatazame majina ya vituo vya Dar es Salaam. Ni vigumu kupata orodha ya majina iliyo tayari kwa mchoraji kuliko hiyo. Mkwajuni. Mwembechai, ambapo mtoto wa darasa la pili angeweza kuchora mwembe na gilasi ya chai chini yake. Magomeni Mapipa. Jangwani. Urafiki, jina la kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, ambacho kanga zake zilivaliwa na mama zetu huku visiwani. Kituo hicho kingetosha kuvikwa pindo la kanga toka pembe hata pembe. Upande wa Temeke kuna mahali paitwapo Bendera Tatu, na mwisho wa safari kuna Mbagala Rangi Tatu. Hatutaingia katika mabishano ya asili ya jina hilo, lakini mahali ambapo wananchi wamepabatiza rangi tatu, kuletewa rangi ya zege pekee ni jambo la kusikitisha. Jirani na uwanja mkubwa wa mpira mchoraji atapaswa kuwa mwangalifu, asije akazidisha nyekundu au kijani akaleta ugomvi wa Simba na Yanga kituoni. Na Argentina, ambayo nayo ni kituo cha Barabara ya Morogoro, tunawaachia wachoraji wenyewe wahangaike nayo.

Wachoraji hao wako wapi? Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la alama za barabarani tu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua na kazi za nyumbani, na mnamo mwaka 1968, akikaa Msasani, akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za viwandani. Aliuza picha zake Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi usiku, wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi minne. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea, wakaanzisha ushirika, na mpaka leo picha za mtindo wake zinauzwa pale pale, na vile vile katika vichochoro vya Mji Mkongwe wetu, ambako mgeni hudhani zilizaliwa Unguja. Msasani na Oysterbay ziko Kinondoni. Mwenge, penye kijiji cha wachonga vinyago, pako Kinondoni, na awamu ya nne ya mwendokasi inapita karibu nacho kiasi kwamba tezo za Wamakonde zitasikika kituoni.

Temeke nayo ni mlango wa watu wa kusini. Waliotoka Lindi, Mtwara na Kilwa wameingia mjini kwa barabara ile ile ambayo sasa ina mabasi ya mwendokasi, na wengi walikaa pale walipotua mizigo. Pamoja nao waliingia uchongaji, ususi wa mikeka na ngoma. Tena kuna mafundi wasiotajwa katika vitabu vya sanaa: wanaoandika maneno nyuma ya magari, wanaochora vichwa vilivyonyolewa kwenye mbao za vinyozi, wanaochora samaki na kuku kwenye kuta za migahawa. Mafundi hao wamezoea jambo ambalo msanii wa maonyesho hulisahau, nalo ni kumwambia mtu kitu akiwa anapita.

Ukiitazama historia, sanaa ya hadharani ya Dar es Salaam haikupata kuwajia watu hawa. Wajerumani walisimamisha katikati ya mji sanamu ya gavana wao Wissmann, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Mwaka 1927 wakaweka sanamu ya askari Mwafrika mwenye bunduki, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ambayo ingalipo. Baada ya uhuru ikaja minara ya Mnazi Mmoja. Vyote hivi vilisimamishwa mjini kati, mahali ambapo serikali hupita. Hata kituo kikuu cha reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kwenda Morogoro na kisha Dodoma mwaka 2024, kimejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, nacho kiko mjini. Tunakitaja kwa sifa, kwa kuwa kinathibitisha kwamba wakubwa wetu si vipofu wa uzuri. Lakini mtu wa Mbagala huuona uzuri huo pale tu anapokuwa na safari ya mbali na nauli yake.

Katika mji wa Stockholm, nchini Uswidi, jambo hili lilidaiwa na wasanii wenyewe. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wawili, Vera Nilsson na Siri Derkert, ambao katika miaka ya 1950 walisema kwamba vituo vya reli ya chini vinavyojengwa kwa fedha za watu wote ndipo mahali pa sanaa ya watu wote. Wakuu wa mji wakakubali, na tangu 1957 kituo baada ya kituo kilipewa msanii wake, hata leo zaidi ya vituo 90 katika 100 vina kazi za sanaa. Kituo kimoja kilichofunguliwa mwaka 1965 kilipewa Derkert mwenyewe. Yeye hakuleta picha za kutundika. Michoro yake ilichimbwa ndani ya zege la kuta kwa mchanga uliorushwa kwa nguvu za upepo, na kwa hiyo haiwezi kubanduliwa pasipo kuubomoa ukuta. Kituo kikuu kilipoongezewa njia mwaka 1975, msanii Per Olof Ultvedt alipaka majani ya buluu juu ya mwamba mweupe, akachora na vivuli vya mafundi walioujenga: wachomeleaji, maseremala na wengineo. Tulipolisikia hili tulijiuliza ni nani atakayewachora vijana waliomwaga zege la Barabara ya Kilwa chini ya jua la Februari.

Moscow ilitangulia, kwa kupamba vituo vyake tangu 1935 mfano wa majumba ya kifalme, lakini huko fedha ilikuwa nyingi na amri ilikuwa moja, wala si mfano wetu. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Johannesburg. Wenzetu hao hawakujenga reli ya chini kwa watu wa pembezoni. Walijenga njia za mabasi ya haraka, zilizoanza kazi mwaka 2009, kama zilivyo za Dar es Salaam. Nao wakawaita wasanii wa mji huo, vituo vikapewa michoro iliyo sehemu ya jengo. Kama jambo hili lingekuwa haliwezekani kwa mabasi, au haliwezekani kwa Waafrika, Johannesburg isingeliweza.

Tunajua watakavyosema baadhi ya waheshimiwa watakaoyasoma haya maofisini. Watasema: abiria analia mabasi ni machache, anasimama foleni saa nzima, nanyi mnamletea picha ya mwembe. Hoja hiyo ni nzito na hatutaikwepa. Ikiwa fedha iliyopo inatosha ama basi ama picha, basi linunuliwe basi. Lakini ukweli ni kwamba fedha hizo hazikai mfuko mmoja. Kituo kinapojengwa, mkataba wake una fungu la vigae, fungu la taa, fungu la rangi na fungu la vibao vya majina. Rangi itapakwa tu, na kibao kitawekwa tu. Tunaloomba ni kwamba sehemu ya fungu hilo apewe mtu wa Mwenge au wa Mbagala anayejua kuitumia rangi, badala ya kuagiza kibao kisichotofautiana na cha kituo cha jirani. Ufaransa iliweka kanuni mwaka 1951 kwamba shule zinapojengwa, sehemu moja katika mia ya gharama iende kwa sanaa. Uswidi ilikuwa imeweka shabaha kama hiyo tangu 1937. Sisi hatusemi moja katika mia. Hata robo yake ingefanya kazi ambayo haijapata kuonekana Temeke.

Wengine watasema kwamba vitaharibiwa. Nayo si hofu ya kubuni. Katika vurugu za wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025 vituo vya mwendokasi vilichomwa moto na kuvunjwa, na kila aliyepita Barabara ya Morogoro siku zilizofuata aliona. Hatutadai kwamba picha ya mkwaju ingeliuzima moto ule. Yaliyotokea siku zile yana mizizi yake, na hapa si mahali pake. Tunasema hivi tu, kwamba kituo kilichoungua hakina budi kujengwa upya, na kwamba jengo linalojengwa upya ni nafasi ya pili, ambayo mara nyingi mjenzi haipati. Kikirudishwa kama kilivyokuwa, nafasi hiyo itakuwa imepotea kwa miaka 20 au zaidi.

Kuna hatari moja ambayo wenyewe tunaiogopa kuliko hizo. Mtindo wa Tingatinga umekwisha kunakiliwa na watu wengi, kwenye fulana, vikombe na kuta za mahoteli, pasipo mchoraji kuona senti. Ingekuwa aibu kubwa serikali nayo ikafanya hivyo, ikamwagiza mkandarasi achapishe twiga wa Tingatinga kwenye plastiki, kisha akaitwa huyo kuwa ni sanaa ya taifa. Sheria ya hakimiliki ipo Bara tangu 1999, na kwetu Zanzibar tunayo yetu. Msanii aandikiwe mkataba kama anavyoandikiwa fundi umeme, alipwe kwa wakati, na jina lake liandikwe ukutani chini ya kazi yake kwa herufi zinazoonekana. Uchaguzi ufanywe na watu wanaojua. Baraza la Sanaa la Taifa lipo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa sanaa, na hao wa mtaani nao waulizwe, kwani watu wa Mwembechai wana haki ya kusema ni mwembe wa namna gani.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza: mambo ya vituo vya Bara yatuhusuni? Yanatuhusu mara mbili. Kwanza, watu wetu ndio hao wanaopanda, na wengi wa rika la bibi wa Wete wamesoma kwa herufi zile zile alizosoma yeye. Pili, sisi nasi tunajenga. Treni hatuna tena. Ile ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza mwaka 1905, ilikwisha kuondoka hata reli zake. Lakini tunajenga masoko, stendi na barabara, na tunajenga upesi. Nasi ni watu wa mwisho wanaostahili kuambiwa kwamba sanaa ni pambo la baadaye. Husemwa kwamba wazee wetu wa Mji Mkongwe walipojenga nyumba, mlango uliochongwa ulisimamishwa kwanza, ndipo kuta zikaufuata. Mchongaji hakuitwa nyumba ilipokwisha, kuja kutafuta mahali pa kutundika kazi yake. Aliitwa siku ya kwanza, akalipwa siku ya kwanza, na mgeni aliyeagizwa nyumba aliambiwa: mlango wenye samaki na mnyororo.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na manispaa za Kinondoni na Temeke, waanze na vituo vichache ambavyo majina yake yenyewe ni picha, wakatazame abiria watafanya nini. Kwa vile vya awamu ya nne, mchoraji aitwe zege lingali bichi.

Bibi wa Wete tulionana naye tena, boti moja, miezi michache baadaye. Alitueleza kwamba amekwisha kupata dawa ya Mkwajuni. Binti yake amemhesabia vituo toka Kivukoni, naye huvivuta mmoja mmoja kwa tasbihi yake, basi likisimama anasukuma punje. Safari mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu alipanda basi lisilosimama kila kituo, hesabu ikamvurugikia, akajikuta Morocco tena.